Chupa ya Marashi ya Bi Mize

Kila kijana anayenijia barazani na daftari lake huanza na swali lile lile: "Mzee, uliwahi kuiona mionzi?"

Sikuwahi. Miaka thelathini na mitano nimefanya kazi nayo chini ya paa moja, na sikuiona, sikuinusa, wala sikuisikia mwilini. Ndiyo maana nasema mtu wa Pemba anaifaa kazi hii kuliko mtu wa pengine popote. Sisi tumelelewa pamoja na visivyoonekana. Tangu utotoni tunajua kwamba mahali panaweza kuwa na kivuli kizuri na upepo mwanana, na bado pasiwe pa kukaa.

Mimi ni Hamad, mtoto wa Chokocho. Hapa kijijini wananiita Mzee Atomi, wengine kwa heshima, wengine kwa kejeli, nami naitikia kwa wote. Baba na mama walinitoka mapema. Aliyenilea ni dada yangu, Bi Mize, kwa kuchuma karafuu za watu na kuvua pweza maji yakipwa. Alinipeleka skuli kwa bakora na akanisindikiza bandarini Mkoani kwa machozi, na ninyi mnaotaka kuwa mainjinia wa nyuklia mlijue jina lake kabla ya langu.

Sina digrii. Nina diploma ya miaka mitatu ya kinga ya mionzi, niliyoisomea nchi ya baridi, kwa lugha niliyojifunza baada ya kufika. Iko ukutani sebuleni, ndani ya kioo. Siitaji kwa kujisifu. Haya, kwa kujisifu kidogo. Kwenye mtambo wa umeme wa nyuklia nilikofanya kazi kulikuwa na mainjinia wenye digrii mbilimbili, na hakuna hata mmoja aliyepita mlango wa ndani mpaka mimi, Hamad wa Chokocho, nimepima na kuinua kidole gumba. Siku moja nilimzuia mkurugenzi mzima nusu saa, amevaa ovaroli la karatasi, jasho linamchuruzika, kwa sababu kipimo changu kilikuwa hakijaniridhisha. Alipopita alinishukuru. Hesabu, fizikia na ukaidi: hivyo vitatu vinatosha. Viwili mtafundishwa, cha tatu mzaliwe nacho.

Nilipostaafu na kurudi, watu waliposikia nilikuwa kwenye mtambo wa umeme, wiki ile ya kwanza waliniletea feni tatu, redio moja na pasi. Nikawaeleza kwamba mimi nilikuwa nikipima mionzi. Jirani yangu Mzee Khatib akatikisa kichwa. "Miaka thelathini na mitano ng'ambo," akasema, "na feni hawezi kutengeneza."

Sasa nikufundisheni kipimo. Wenzangu kazini walinizawadia kimoja kizee, kilichostaafishwa siku moja na mimi. Ni kisanduku cha chuma chenye mshipi wa kuvaa begani, mshale, na kispika kidogo. Ukikiwasha hapa barazani, pasipo na jambo lolote, kitalia: ta... ta-ta... kimya kidogo... ta. Vijana wengi hushtuka. Msishtuke. Ardhi ina mionzi kidogo, mawe yana, ndizi zina, mimi na wewe tunayo. Kipimo kizima hakinyamazi. Ile ta-ta ya polepole ndiyo afya yake, kama pumzi ya mtoto aliyelala.

Hili nilifunzwa na mzee mmoja mfupi aitwaye Josip, aliyekuwa msimamizi wangu. Alikuwa hasemi asubuhi mpaka anywe chai mbili, na baada ya hapo pia hasemi. Mwaka wangu wa pili alinituma mbele yake kwenye ujia wa chini, kuangalia bomba moja. Nikawa natembea, kipimo kinalia kwa kasi zaidi kila hatua: kwanza kama matone, halafu kama mvua juu ya mabati, halafu mlio mmoja mrefu usiogawanyika. Mara kikanyamaza. Kimya kabisa. Mshale umerudi sifuri. Nami, kijana mwenye diploma mpya, nikafurahi. Nikasema moyoni, nimeshapita pabaya. Nikainua mguu nisonge mbele.

Nilichohisi baadaye ni ukosi wa nguo kunikaba shingoni. Josip alinivuta kinyumenyume ujia mzima, mzee wa miaka sitini. Tulipofika nyuma ya ukuta mnene, kipimo kikapiga yowe tena, kama mtu aliyeibuka majini.

"Hakikuwa kimetulia," aliniambia. "Kilikuwa kimezama. Mionzi ikizidi uwezo wake, kipimo cha aina hii hushindwa hata kulia. Kikipiga kelele, fikiri. Kikinyamaza, kimbia."

Andikeni hilo. Na chini yake andikeni mambo matatu: muda, umbali, kinga. Nendeni mkaangalie tanuri la chokaa linapowaka. Ukipita mbio, huungui. Ukisimama mbali, huungui. Na hapa mionzi ina ukarimu wake, maana ukiongeza umbali mara mbili, yenyewe hupungua mara nne. Ukijificha nyuma ya jiwe, huungui. Elimu yangu yote ni hiyo. Iliyobaki ni mahesabu.

Nilidhani mahesabu hayo nimeyaacha ng'ambo. Kumbe yalikuwa yananingoja hapa, mwendo wa robo saa kutoka mlangoni pangu.

Mnaujua mzimu wetu, lile pango la mawe ya matumbawe upande wa ufukweni. Bi Mize ndiye mtunzaji wake, kama alivyokuwa bibi yetu. Kila Alhamisi asubuhi hufagia mlangoni, hufukiza ubani na kukaa kidogo nyuma ya nguzo ya jiwe. Ndani, kwenye bao la mwamba, huwekwa vitu vya watu: vitambaa vyekundu na vyeupe, mikate, halua, chupa za marashi. Na mila mnaijua: cha mzimuni hakitolewi, hakishikwi, hakioshwi. Kinafagiliwa pembeni yake tu, kikae mpaka kiishe chenyewe.

Basi siku moja, mwezi wa pili tangu nirudi, nilikuwa hapa barazani na wageni, nawasimulia ile habari ya mkurugenzi na ovaroli la karatasi. Nilikuwa nimefika penye jasho. Bi Mize akaja, akasimama mbele yangu, akaninyooshea chupa.

"Hamadi, hebu itazame hii. Nimevunja mila kukuletea. Niliiweka mzimuni ikiwa nyeupe kama maji."

Chupa ilikuwa ya rangi ya asali. Marashi ndani yalikuwa meupe vilevile. Kioo ndicho kilichobadilika.

"Moshi wa ubani huo, dada," nikasema.

"Moshi haukai ndani ya kioo. Nimepangusa."

"Basi ioshe. Chukua sabuni, vioshe vyote vya humo, utaona."

Hakuondoka. Akasema kwa sauti ndogo, "Na mkate wa mwezi uliopita haujaota ukungu. Halua haina chungu hata mmoja. Pametulia mno, Hamadi. Mie nimekaa pale miaka arubaini. Hapajatulia namna ile."

"Basi tufungue bekari mzimuni!" nikasema. "Mkate hautalala tena Pemba nzima."

Wageni wakacheka mpaka Mzee Khatib akashika ubavu. Bi Mize akaiacha chupa kando ya mguu wangu, akaondoka. Mikono yake siku ile ilikuwa mizima. Naikumbuka, kwa sababu ilishika chupa karibu kabisa na uso wangu, na mimi nilikuwa natazama wageni.

Ninyi mtaniuliza: hukujua? Nilijua. Hilo ndilo linaloniuma. Kazini kwetu kulikuwa na dirisha dogo la kioo cha kawaida lililosahauliwa kwenye chumba cha mionzi mikali, likageuka rangi ya chai. Josip alinionyesha kwa kidole. Kioo hukusanya mionzi kama kanzu nyeupe inavyokusanya vumbi. Nililijua nikiwa na miaka ishirini na sita, na nikiwa na miaka sitini nililitazama likiwa mkononi mwa dada yangu nikalifanyia mzaha, kwa kuwa aliyelileta hakuwa na diploma.

Wiki tatu baadaye tulikuwa tunakula mchana, sinia moja. Nikaona vidole vyake viwili vya kulia, cha shahada na cha kati, vimevimba, vyekundu, ngozi inang'aa.

"Umeungua?"

"Sikuungua. Vimeanza kuwasha tu, halafu vikawa hivi. Sijashika moto."

Nikalirudisha tonge siniani. Nilikuwa nimeona picha za vidole vya namna hiyo darasani, nchi ya baridi, mwalimu akizipitisha haraka ili tusitapike.

"Dada, umeshika nini?"

"Vitu vya mzimuni. Nilivisafisha."

"Vitu gani?"

"Vya siku zote. Na kile cha Makame."

Makame ni mvuvi wa Kisiwa Panza. Nilikuwa nimesikia kwamba yuko hospitali Unguja na mkono unaooza, na watu wanasema amechezewa. Bi Mize akanieleza ambalo sikulijua. Makame aliokota ufukweni kisanduku kizito kuliko ukubwa wake, akakivunja kufuli, akatoa kipande cha waya mnene, mfupi kama shibiri, chenye kichwa kinachong'aa. Akakitia mfukoni. Jioni alitapika. Siku chache baadaye mkono na paja vikaanza kubabuka. Akasema kitu hiki kina wenyewe wasioonekana, akakileta mzimuni, akakitupa juu ya bao la mwamba na kukimbia.

Wale wanaopiga picha mabomba ya chuma kutafuta nyufa hutumia kitu hicho hasa, kwa mionzi yake mikali. Chombo chake ni cha risasi, ile metali nzito izuiayo mionzi, na hakifunguliwi mkononi. Kilitoka wapi, kilianguka kutoka meli gani, mpaka leo sijui, na sitamsingizia mtu.

Siku ile ilikuwa Jumatano. Na Alhamisi, yaani kesho yake, ilikuwa sadaka ya mwaka kabla ya kupanda mpunga, ambapo wanawake wote wa kijiji huingia pangoni na watoto mgongoni, wakakaa humo tangu jua kuchomoza mpaka adhuhuri.

Nilikwenda kwa Sheha, kiongozi wa serikali hapa kijijini, na kipimo begani. Nilikuwa nimeshashika mlango kabla hajajibu hodi. Nikamweleza. Akanisikiliza kwa adabu, halafu akasema, "Mzee Hamad, mie nitawaambiaje watu? Kwamba mzimu umefungwa na kijisanduku?"

"Njoo usikie mwenyewe."

Tukaondoka na Mzee Khatib akatufuata, kwa kuwa yeye ni radhi akose maziko kuliko kukosa mzaha. Nilimvisha Sheha kipimo. Saa kumi ya alasiri, jua kali, njia nyeupe. Ta... ta-ta... ta.

"Ndiyo hii?" akasema Khatib. "Hata saa yangu yalia hivyo."

Tulipopita minazi ya mwisho kikaanza kwenda mbio. Kwenye mteremko kikawa kama mvua juu ya mabati. Mlango wa pango ulionekana mbele, na vitambaa vyekundu vimening'inia, na ndani yake giza la kawaida tu, pametulia kimya, pamefagiliwa vizuri. Ndilo jambo lisiloelezeka kwa aliyekuwa hayupo. Hapakuwa na moshi, joto, wala harufu. Palikuwa mahali pazuri. Kipimo kilikuwa kinalia mlio mmoja mrefu, na mimi nilikuwa nahesabu kwa sauti hatua zilizobaki mpaka mlangoni.

Halafu kikanyamaza.

Sheha akashusha pumzi. Akatabasamu, maskini. "Alhamdulillahi. Kimetulia. Hapana kitu." Akainua mguu.

Nilimkamata ukosi wa kanzu.

Sikumbuki nilisema nini. Khatib husema nilitoa ukelele wa lugha ya kizungu. Nakumbuka tulivyokimbia, watu wazima watatu, kupandisha mteremko, na kipimo kifuani mwa Sheha kikizinduka na kupiga yowe, na Sheha alivyotupita sote wawili na kofia yake ikabaki njiani. Hakuirudia.

Jioni ile nilipiga simu kwa wataalamu wa serikali wa mambo ya mionzi. Wakasema asifike mtu karibu, watafika Jumamosi na vifaa. Sheha akafunga kamba njiani. Lakini kamba ni kamba, na sadaka ni sadaka. Alhamisi alfajiri wanawake walikuwa wameshasimama na vyungu vyao, na mmoja akaniambia usoni, "Weye umerudi juzi, wataka kutufungia mzimu wa bibi zetu?" Nikaanza kueleza diploma yangu. Sikufika mbali.

Niligeuka kwa Bi Mize. Yeye ndiye aliyekuwa na neno. Usiku kucha tulikuwa tumebishana. Alisema kilichopewa wenyewe hakitolewi, na kama lazima kitolewe, basi ni yeye mtunzaji atakayeingia kukitoa. Nilijua akiingia mara moja tena na kukishika, sitakuwa na dada. Nilikuwa nimeshamaliza hesabu zangu zote, hakuelewa hata moja.

"Dada," nikamwambia pale kambani, "Makame alikileta na ubani?"

"Hakuleta ubani."

"Alipiga hodi?"

"Alikitupa, akakimbia."

"Basi hakikutolewa sadaka. Kimetupwa."

Halafu akawageukia wanawake, akafungua kitambaa alichofunga vidoleni, akauinua mkono juu wauone wote. Malengelenge yalikuwa yameshapasuka.

"Wenyewe wana mgeni humo asiyebisha hodi," akasema. "Mie nimemgusa, tazameni. Mwenye mwana mgongoni na arudi nyumbani."

Walirudi. Walishusha vyungu palepale kambani wakaondoka mmoja mmoja, na siku mbili zile vyungu vilikaa njiani bila mwenyewe.

Jumamosi wataalamu wakaja. Kiongozi wao alikuwa injinia mwanamke, kijana, umri wa kuwa mjukuu wangu. Wasichana, andikeni hilo pia. Aliniamkia shikamoo, kisha akauliza swali moja: "Mzee, kilinyamaza ukiwa hatua ngapi kutoka mlangoni?"

"Kumi na moja," nikasema.

Akaandika. Sijawahi kupewa cheti kizuri kuliko kalamu yake ile.

Bi Mize akawazuia kidogo. Akasimama kambani, hatua mia mbili kutoka pangoni, akapiga hodi mara tatu kwa sauti yake yote, akaomba ruhusa ya kumtoa mgeni. Yule injinia alisubiri mpaka amalize, koleo refu mkononi. Kisha wakaingia kwa zamu, kila mtu kwa sekunde chache zilizopimwa, na mara kitu kikawa ndani ya chungu cha risasi. Wakaniambia ile nguzo ya jiwe ambayo Bi Mize hukaa nyuma yake ndiyo iliyomwokoa.

Nilipoingia pangoni na kipimo, nilisimama mbele ya bao la mwamba. Ta... ta-ta... ta. Nilikaa chini nikalia.

Vidole viwili havikupona. Vilikatwa Unguja, na Makame alikatwa mkono. Bi Mize aliporudi, watu waliogopa kumpa mkono, na harusini wakamwekea sahani ya peke yake. Hilo nalo ni ujinga wa kufundishwa: mionzi ya kitu kile hupita mwilini na kuchoma, haibaki ndani yake. Aliyeunguzwa na moto hawi moto. Niliichukua sahani yangu, nikakaa naye, tukala pamoja mbele ya harusi nzima. Mzee Khatib akaja wa tatu, bila mzaha wowote, akamega wali.

Jambo moja lilikuwa halinipi usingizi. Miezi baadaye, tukianua karafuu, nilimwuliza. "Dada, miaka arubaini umeshika mila. Cha mzimuni hakioshwi. Ungeishika mila siku ile, usingeungua. Kwa nini uliosha?"

Alikuwa anaanua kwa mkono wa kushoto. Hakusimama.

"Si weye uliyeniambia? Ukasema chukua sabuni, vioshe vyote. Nikasema ndugu yangu amesoma, labda mie ndiye sijui." Akatikisa mkeka. "Nilikisugua sana kile. Kilikuwa kinang'aa, nikasema bado kina uchafu."

Chupa ninayo. Nimeiweka sebuleni, chini ya diploma, na haina madhara, ishikeni mkitaka. Anayekuja kuniuliza njia ya kuwa injinia wa nyuklia namwonyesha diploma kwanza, kwa sababu niliitolea jasho na sioni haya. Halafu nampa chupa mkononi, nikamwambia aende jikoni akamsalimie Bi Mize, amwulize ilikuwa na rangi gani, na anyamaze mpaka dada amalize kujibu.